Wachina walimchora ndugu yake, sisi hata jina hatumjui!

Ana 'miwani' nyeupe, ana uzito wa kama gramu 10, na dunia nzima nyumbani kwake ni Upare tu

UKIWATAJIA washikaji wa kijiweni mji wa Same, kila mmoja atakuja na lake. Mmoja atakumbuka basi la Arusha liliposimama pale watu wakashuka kujinyoosha. Mwingine atasifia tangawizi ya Mamba Miamba. Yule anayejidai mtalii atakupa habari za faru weusi wa Mkomazi, hifadhi ambayo lango lake la Zange liko pua na mdomo na mji. Na hatakosekana mmoja wa kuleta yale masihara ya ubahili wa Wapare, kijiwe kizima kikavunjika mbavu.

Sasa waulize swali hili: ni ndege gani anayepatikana wilaya ya Same na hapatikani popote pengine chini ya jua? Utaona kila mtu anakodolea macho chupa yake ya soda.

Basi mpenzi msomaji, yupo. Anaishi kwenye misitu ya milima ya Pare ya Kusini, ule ukuta wa bluu unaouona dirishani ukiwa kwenye basi. Ni mdogo kuliko shorewanda, mgongo wa kijani, koo la njano, tumbo la kijivu, na kila jicho limezungushiwa pete nyeupe pee, utadhani kavaa miwani ya duka la Kariakoo. Vitabu vya Kiswahili huwaita ndege wa ukoo huo vinengenenge. Mimi hapa nitamwita kinengenenge wa Pare.

Ajabu ni kwamba ndugu yake wa mbali, kinengenenge wa China, alichorwa kwenye hariri miaka 900 iliyopita, na picha hiyo ipo mpaka leo imetunzwa kama mboni ya jicho. Huyu wa kwetu, ambaye ndiye aliye hatarini, hana hata bango stendi.

Hilo ndilo lililonifanya nifunge safari.

MFALME ALIYEPENDA BRASHI

Tuanzie huko China, maana kisa chake ni kitamu.

Mwaka 1100 alitawazwa mfalme mmoja aliyeitwa Huizong, wa ukoo wa Song. Bwana huyu alikuwa na kila kitu cha kifalme, jeshi, hazina na wake tele, lakini moyo wake ulikuwa kwenye karatasi na wino. Aliandika kwa mwandiko wake mwenyewe ambao Wachina wanauiga hadi leo. Alikuwa na chuo cha wachoraji katika jumba lake, na mitihani alikuwa akiitunga yeye.

Wachina wana aina nzima ya sanaa inayoitwa michoro ya maua na ndege. Kwao si pambo la kujazia ukuta. Ndege ana maana yake, ua lina maana yake, na ukiwaweka pamoja unakuwa umesema jambo. Korongo ni maisha marefu. Ua la mplamu linalochanua wakati wa baridi kali ni uvumilivu.

Inasimuliwa kwamba siku moja Huizong aliwaamuru wachoraji wake wamchore tausi anayepanda kichuguu. Wakachora kwa mbwembwe, rangi zinawaka. Mfalme akaangalia, akatikisa kichwa, akasema wote wamekosea. Hakuna aliyejua kosa liko wapi. Baada ya siku kadhaa akawaambia: tausi anapopanda mahali pa juu hutanguliza mguu wa kushoto, na nyie wote mmemtangulizia wa kulia!

Umeona mambo hayo? Kwa Huizong, huwezi kumchora ndege ambaye hujakaa chini ukamtazama.

Katika jumba la makumbusho la kifalme la Beijing kuna picha ndogo ya hariri yenye jina la mfalme huyo. Ndani yake kuna tawi jembamba la mplamu lenye maua machache, na juu ya tawi kasimama kinengenenge mmoja. Basi, hakuna kingine. Hakuna mlima, hakuna jumba, hakuna mtu. Kindege chenye uzito wa barua kimepewa hariri nzima peke yake.

Na jina ambalo Wachina wanamwita linanimaliza kabisa: xiuyan, yaani jicho lililotariziwa. Yule aliyemwita hivyo alimwangalia kwa karibu, akaona kwamba ile pete haikupakwa, imeshonwa. Na ni kweli, kwa sababu pete ile si ngozi wala rangi. Ni vinyoya vidogo sana vyeupe vilivyojipanga kuzunguka jicho kama nyuzi za kofia ya mkono.

Mwisho wa Huizong haukuwa mzuri. Maadui kutoka kaskazini walivamia mji wake, na mwaka 1127 wakamchukua mateka. Alifia huko ugenini mwaka 1135. Ufalme wake wa kaskazini ukaanguka na majumba yake hayapo tena. Picha yenye jina lake, ya kindege mmoja na tawi, imedumu.

STENDI YA SAME

Nilipofika Same nilitaka kwanza kujua wenyeji wanasemaje. Nikamfuata kijana mmoja wa bodaboda, nikamwambia natafuta ndege wa hapa.

"Ndege?" akashangaa. "Dada yangu, hapa hakuna uwanja. Ndege mpaka KIA. Panda basi la Moshi hilo linaondoka."

Tulipomaliza kucheka nikamweleza ni ndege wa mabawa, wa msituni. Akafikiri kidogo, akaniambia mlimani ndege wapo wengi tu, kwao yeye wakati wa utoto walikuwa wakiwalenga kwa manati. Mwenye miwani? Alimkumbuka. Jina? Hakuwa nalo. Nilipomwambia kwamba ndege huyo hayupo Moshi, hayupo Tanga, hayupo Marekani wala China, akashusha miwani yake ya jua na kunitazama kama niliyemwambia amerithi nyumba.

"Yaani ni wa kwetu peke yetu?"

"Ni wa kwenu peke yenu."

"Mbona hatukuambiwa?"

Swali hilo sikuwa na jibu lake, kwa hiyo nikapanda gari la kwenda Mbaga.

Barabara inayopanda kule si mchezo. Chini kwenye tambarare ni mkonge, mibuyu, vumbi na jua la kuchoma utosi. Gari linaanza kuzunguka kona, masikio yanaziba, na kila kona inakupunguzia joto. Mara migomba, mara mashamba ya mahindi na maharage yaliyoning'inia kwenye miteremko, mara ukungu. Mtoto wa Dar aliyetoka nyumbani na fulana ya mikono mifupi hapo ndipo anapokumbuka sweta.

Juu kabisa ni msitu wa Chome, ambao wengi wanauita Shengena kwa jina la kilele chake. Ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, yenye hekta zaidi ya 14,000. Kilele chake kina urefu wa mita 2,460 na ushei kutoka usawa wa bahari, na ndicho kirefu kuliko vyote vya safu ya Pare.

Kijana aliyeniongoza aliniambia jambo moja tu kabla hatujaingia: "Dada, ukinyamaza utamwona. Ukiongea utaona miti."

Nikanyamaza, na kwangu hilo si jambo dogo. Tulitembea kama saa nzima kwenye njia yenye utelezi, miti imevaa kuvu na ndevu za kijani, maji yanadondoka bila mvua. Halafu nikasikia vilio vyembamba juu yetu, vingi kwa pamoja, kama watoto wanaonong'onezana darasani. Kijana akanigusa bega.

Walikuwa kundi. Vinengenenge hawapendi upweke, hutembea pamoja wakichokonoa wadudu kwenye majani, wakidonoa matunda madogo na kunyonya utamu wa maua. Mmoja alishuka mpaka kwenye tawi la karibu, akaning'inia kichwa chini akitafuta kitu chini ya jani, kisha akageuka. Jicho lake likanitazama na ile pete yake iliyotariziwa. Sekunde tatu, nne hivi. Kisha kundi zima likahamia mti mwingine na vilio vyao.

Nimewahi kuona simba na tembo. Sijawahi kuona kiumbe ambaye nikimtazama najua kwamba ukoo wake wote, tangu dunia iumbwe, uko kwenye mlima huu mmoja niliosimama.

JINA LA MKE WA MTU

Kitaalamu anaitwa Zosterops winifredae. Hilo jina la pili si la Kipare wala la Kilatini. Ni la mwanamke.

Mwaka 1928 alifika Tanganyika Mwingereza mmoja, Reginald Moreau, kufanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kule Usambara. Bwana huyo alikuwa mtu wa kazi za hesabu na ofisi, lakini akili yake yote ilikuwa kwenye ndege. Alikuwa na mkewe, Winifred, ambaye jina la kwao, usicheke, lilikuwa Bird, yaani Ndege! Wawili hao waliishi Amani hadi miaka ya 1940 wakichunguza ndege wa milima yetu, na Moreau akaja kuwa mmoja wa mabingwa wakubwa wa ndege wa Afrika.

Katika miaka ya 1930 kinengenenge wa Pare akaingizwa kwenye vitabu vya sayansi kwa jina la mama huyo. Kuna ndege mwingine pia, wa milima ya Uluguru, aliyepewa jina lake. Sina ugomvi na bibi Winifred, aliyazunguka misitu hiyo kwa miguu yake. Nasema tu kwamba Uingereza ndege wa Pare ana jina na tarehe ya kuandikwa, na stendi ya Same kijana anauliza mbona hatukuambiwa.

Hata wataalamu wenyewe walibabaika naye. Kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa ni tawi tu la vinengenenge wengine wa milimani. Miaka ya karibuni walipoanza kulinganisha vinasaba wakagundua kwamba hawa ndege wa milima mbalimbali wanaofanana kama mapacha si mapacha hata kidogo. Kila kundi lina njia yake. Kinengenenge wa Pare ya Kusini leo anahesabiwa kuwa aina inayojitegemea.

KISIWA BILA BAHARI

Utauliza, kwa nini hatoki? Ana mabawa, si aruke tu aende Usambara au Kilimanjaro akatafute maisha kama sisi tulivyokuja Dar?

Jibu liko chini ya mlima. Kwa kindege wa msitu wa baridi na ukungu, tambarare ya Same yenye miiba na joto ni sawa na bahari. Msitu wa Chome ni kisiwa, na maji yanayoizunguka ni nyika kavu. Ng'ambo ya nyika ya Mkomazi, upande wa Kenya, kuna milima ya Taita, na huko nako kuna kinengenenge wao wa peke yao, naye yuko hatarini. Kilimanjaro na Meru wana mwingine, mwenye pete kubwa zaidi. Milima hii ya kale kuanzia Taita, Pare, Usambara mpaka Udzungwa inaitwa Tao la Mashariki, na kila mlima umejitengenezea viumbe wake kama mafundi cherehani wa mtaa mmoja, kitambaa kimoja, mishono tofauti.

Ukoo wa vinengenenge una sifa hiyo duniani kote. Kuna aina zaidi ya 100, kuanzia Afrika mpaka Japani na visiwa vya Pasifiki. Wakifika mahali, hawachukui muda mrefu kugeuka kuwa wenyeji wa pale na pale tu.

Lakini kuwa wa mahali pamoja ni raha yenye hatari zake. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka kinengenenge wa Pare kwenye Orodha Nyekundu ya viumbe walio hatarini kutoweka, kwa sababu eneo lake ni dogo na msitu umekuwa ukimegwa. Miaka iliyopita wapasuaji mbao waliingia kutafuta mti wa kamfa, ule wa mbao nzito zenye harufu. Moto wa mashamba umekuwa ukipanda na kuingia msituni wakati wa kiangazi. Wachimbaji haramu wa dhahabu nao wamewahi kuuvamia.

Ndege anayepatikana nchi kumi, akifukuzwa huku anabaki kule. Huyu wetu akifukuzwa Chome hana kule. Ndiyo mwisho wa kitabu, duniani kote.

PICHA PEKE YAKE HAITOSHI

Hapa kuna msomaji atasema, sawa dada, tumchore basi, Wachina walichora na ndege wao wapo.

Taratibu. Kisa cha korongo kinafundisha tofauti.

Hakuna ndege aliyechorwa na Wachina kama korongo mwenye utosi mwekundu. Mrefu, mweupe, shingo nyeusi, na utosi kama aliyepakwa rangi ya mdomo. Yupo kwenye hariri, vyombo vya udongo, mavazi ya wakubwa wa serikali na kadi za kumtakia babu maisha marefu. Huizong mwenyewe alichora makorongo 20 yaliyotokea juu ya lango la jumba lake mwaka 1112, na picha hiyo iko kwenye jumba la makumbusho la mkoa wa Liaoning.

Pamoja na sifa zote hizo, karne ya 20 ilimkuta korongo yule akipukutika. Mabwawa yalikaushwa kupata mashamba, watu wakawinda. Watu walikuwa wakimtundika ukutani kama alama ya maisha marefu, huku yeye mwenyewe akikosa pa kuishi. Ndoa ya picha hiyo, mapenzi mdomoni tu!

Kule Japani, ambako naye anachorwa tangu zamani, walidhani amekwisha kabisa, mpaka mwaka 1924 kikundi kidogo kilipoonekana kwenye vinamasi vya kisiwa cha Hokkaido. Wakawekewa ulinzi, lakini idadi haikupanda. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaja baridi kali, maji yakaganda, makorongo wakaanza kufa njaa. Wakulima wa hapo wakachukua mahindi yao wakawamwagia kwenye theluji. Makorongo wakala. Mwaka uliofuata wakarudi, wakakuta mahindi tena. Kutoka makumi machache, leo Hokkaido wako zaidi ya 1,000. Mwaka 2021 IUCN ilimshusha korongo huyo daraja moja kwenye orodha ya hatari, na habari njema kama hizo si za kila siku.

Kwa hiyo brashi iliwafanya watu wamjue na kumpenda, lakini kilichomwokoa ni mahindi ya wakulima.

Na usidhani ni mambo ya Wachina na Wajapani peke yao. Korongo wetu mwenye taji, yule wa kwenye bendera ya Uganda, anayecheza dansi kwenye majaruba yetu kama bwana harusi, tangu mwaka 2012 yuko kundi la walio hatarini zaidi. Mabwawa yanalimwa, na watu wanawatega kuwauza. Kila Mganda anapandisha bendera yake asubuhi, na ndege wa bendera anapungua. Heshima ya kitambaani haimjengei kiota.

TINGATINGA YUKO WAPI?

Hata hivyo, penzi la kweli huanza kwa macho, na macho yetu hayajafundishwa kumtazama huyu mdogo.

Sisi nasi tuna wachoraji wetu wa ndege. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa vipande vya ubao na rangi za kupakia baiskeli. Aliuawa kwa risasi mwaka 1972, polisi walipomdhania mhalifu. Alichora miaka michache tu, lakini jina lake limekuwa jina la sanaa nzima. Wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake wako Oysterbay mpaka leo, wana ushirika wao tangu mwaka 1990.

Nenda pale uangalie. Utaona ndege babu kubwa: shingo ndefu, mikia ya rangi saba, macho ya mviringo. Wengi ni ndege wa kufikirika, na hakuna ubaya, sanaa ina uhuru wake. Twiga wapo, tembo wapo, Kilimanjaro imo nyuma ya kila simba. Nilitafuta kindege cha kijani chenye pete nyeupe, nikakikosa.

Sasa jiulize. Rangi za tingatinga zinang'aa, na huyu ndege ni kijani, njano na nyeupe. Tingatinga anapenda macho makubwa ya mviringo, na huyu ndege Mungu kamchorea duara tayari! Ni dili linalomngoja mtu. Kijana wa Same mwenye kipaji cha kuchora kwenye mabodi ya bajaji na kuta za saluni ana ndege ambaye hakuna mchoraji wa Arusha wala Zanzibar anayeweza kusema ni wa kwao. Mtalii anayepita Zange kwenda kutazama faru, akikuta picha hiyo na maelezo mawili chini yake, nani kasema hatauliza huo msitu uko wapi?

Sharti ni moja, lile la Huizong. Panda kwanza mlimani ukamtazame, ujue anatanguliza mguu gani.

WAZEE WALIKUWA NA LUGHA YAO

Tuliposhuka nilikaribishwa chai ya tangawizi na mzee mmoja, kiti chake kipo barazani kinatazama tambarare yote. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba mwanangu, umemwona?" Habari za mgeni mlimani zinatangulia miguu.

Nikamwambia nimemwona. Nikamwuliza kama kumlinda ndege mdogo namna ile si anasa, watu wana shida zao.

Mzee hakunijibu kuhusu ndege. Alinyoosha kidole bondeni, akaniambia, "Ile kijani unayoiona kule chini kwenye vumbi, inatoka wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Wapare kwa karne nyingi wamechimba mabwawa yanayoitwa ndiva. Maji ya chemchemi na vijito yanaingia usiku, asubuhi mlango unafunguliwa, yanashuka kwenye mifereji mpaka mashambani, kwa zamu. Ukikosa zamu yako imekula kwako. Ukiiba zamu ya mwenzako, kamati inakushughulikia. Ndiva nyingi zilichimbwa na koo, na baadhi bado zinafanya kazi, kama ile ya Manoo kule Bangalala. Chini zaidi, upande wa mashariki, kuna mpunga wa Ndungu, skimu iliyojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika karibu na mwaka 1990, inayokunywa mto Yongoma unaoshuka kutoka milima hiyohiyo.

Na wazee walijua maji yana mama yake. Kila ukoo ulikuwa na kipande chake cha msitu wa matambiko, mpungi, na ulikuwapo msitu wa jando, mshitu. Huko hukati mti, huokoti kuni, hupigi kelele. Siku hizi vijana wengi wanaona ni mambo ya kizamani, na dini nazo zimekuja na yao. Lakini mteremko uliokuwa na mpungi ulibaki na miti, na penye miti ukungu ulinaswa ukageuka maji.

"Nyie mnatutania sisi wabahili," mzee akasema akitabasamu. "Mbahili ni mtu anayejua kwamba kikiisha hakuna kingine."

Nikainama kwenye kikombe changu.

Kinengenenge hahitaji kutupiwa mahindi kama korongo wa Hokkaido. Anahitaji msitu ubaki umesimama, yaani kitu kilekile ambacho ndiva inakihitaji, na mpunga wa Ndungu, na mama anayechota maji asubuhi. Ukimkuta bado anapiga kelele zake juu ya mti, jua chemchemi zina afya. Siku akinyamaza, usiulize nani kamwua ndege, uliza nani kakata mlima.

SASA WEWE

Najua wasomaji wangu wengi ni watu wa mjini. Wengine wana babu na bibi kule juu na hawajapanda tangu wamalize shule, wanasubiri Desemba wapeleke sukari na kanga, wapige picha mbili, warudi. Safari hii muongeze siku moja. Kata kibali kwa watu wa TFS, chukua kijana wa hapo akuongoze, mlipe vizuri, maana kijana anayelipwa kuonyesha msitu hana sababu ya kuuchana mbao. Beba sweta. Funga mdomo.

Walimu wa shule za Same, mna somo la sanaa na mna ndege. Wachoraji, mna ukuta wa stendi. Wenye hoteli za barabarani mnaotundika picha za maporomoko ya maji ya nchi ambazo hamjafika, mnaye wa kwenu.

Na wewe kijana wa kijiweni, safari nyingine wakianza yale masihara ya Wapare, waache wamalize kucheka. Kisha waulize kwao kuna ndege gani ambaye dunia nzima hana.